Kisanduku Nambari Saba

Fomu ina kurasa tatu; ya pili imeniganda mkononi.
Kisanduku nambari saba: *Asili ya bidhaa.*
Ngwali wa forodha, hapa Wete, ananisukumia kalamu
iliyofungwa uzi kama mbuzi wa kuazima.
"Andika, Bi Mize. Neno moja tu."

Neno moja.
Mwani ni wa Mtambwe, huo naula kiapo,
nimeufunga kambani mwenyewe, maji ya kiuno,
bamvua likitaka kunivua kanga.
Nazi ni za Ole, kazikamua Salhina
kwa mashine ya mkopo wa kikoba.
Lakini kostiki ni ya China, imepumzika Nairobi,
mchaichai umepitia Tanga,
na vijisanduku vimechapwa Dar,
picha ya karafuu imekaa kichwa chini:
aliyeichora hajapata kuokota hata punje.

Basi sabuni hii ya nani?
Mtoto akizaliwa huulizwa babaye,
haulizwi chumvi ya mchuzi aliokula mama.

Ngwali anagonga kikokotoo.
"Cha Dar, chetu. Cha Tanga, chetu.
Kingetengenezwa Nairobi, nacho chetu."
"Tangu lini?"
"Tangu mkataba. Ila hiyo kostiki ya China, ndiyo inayokuharibia.
Ikizidi kiwango, wewe Mombasa ni mgeni, utalipa ushuru."

Mgeni, Mombasa!
Babu yangu Shaame Faki aliuvuka mkondo huu
usiku wa giza, magunia sita chini ya majamvi,
wala hakujaza fomu. Shimoni walimjua kwa kikohozi.
Mara ya tatu wakamkamata,
akakaa ndani miezi kumi na minane
kwa kosa la kuuza karafuu zake kwa bei aliyoipenda.
Bibi alituambia yuko Unguja, anatibiwa kifua.

Leo mimi navuka mchana kweupe,
karatasi ya viwango, karatasi ya afya,
na karatasi ya kuonyesha kwamba ninazo karatasi.

Msidhani nasifu.
Mlango ukifunguka hauchagui upande.
Mwezi ule ule nilipopeleka paketi mia mbili Marikiti,
wanawake wakazinusa, wakanipa oda ya mia tano,
gati la Mkoani lilikuwa linashusha sabuni ya mche,
ya kiwanda cha huko huko ninakouza:
mche mzima kwa bei ya robo ya kipande changu.
Dukani kwa Maulidi imepangwa mpaka darini.

Bi Tumu, aliyenifundisha kukoroga bila kuungua,
sufuria lake sasa lachemsha maji ya kuogesha wajukuu.
Nikamwambia, njoo tufanye pamoja, soko limekuwa kubwa.
"Soko likikua, mwanangu, na mizani nayo hukua.
Jiwe langu ni lile lile."

Mwanawe Mbwana kaajiriwa kiwandani kule,
zamu ya usiku, anakata miche.
Kila mwisho wa mwezi simu ya mamaye inalia, pesa zimeingia.
Bi Tumu huenda kwa Maulidi, hununua mche mmoja,
hufulia mashuka, huyaanika,
na hunusa ncha ya shuka
kama anayetafuta ndani yake jasho la mtu.

"Bi Mize, foleni."

Nyuma yangu yuko kijana na maboksi ya viungo,
na mama wa Kiuyu mwenye kofia arobaini za kushona kwa mkono,
naye atakiri uzi umetoka wapi.

Nimeandika *Pemba.*
Kalamu ikagoma kwenye P, nikairudia juu yake,
ikawa nene kuliko herufi zote.
Ngwali hakusema kitu. Kagonga muhuri,
wino wa zambarau ukanirukia gumba.

Nyumbani nimelisugua kwa sabuni yangu.
Haukutoka.
Nikasugua tena, ukatoka.
Nalo hilo nitaliandika kwenye kijisanduku,
chini ya karafuu iliyopinduka:
*Sugua mara mbili.*